Iowa wana hela za kumpekua maskini, za kumlisha hawana!

Ndugu zangu mlioko hapa jimbo la Iowa, Marekani, nimechoka kunyamaza.

Mwaka 2023 Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kupekua mali za kila familia inayoomba msaada wa chakula, na Gavana Kim Reynolds akaitia saini. Ukiwa na zaidi ya dola 15,000, ukiacha nyumba unayoishi na gari la kwanza, unakatwa. Wachambuzi wa Bunge hilohilo walishawaonya kwamba upekuzi huo ungehitaji watumishi wapya zaidi ya 200 na kumeza mamilioni ya dola kabla haujaokoa chochote. Wakapitisha hivyohivyo!

Nani kati yetu ana dola 15,000? Kinachotuua ni makaratasi. Mama anatoka shifti ya usiku kiwanda cha nyama, anakuta barua ya Kiingereza, anamsubiri mtoto atoke shule amsomee. Kumbe siku ya mwisho ilikuwa jana. Hajadanganya mtu, hajaiba, lakini mwezi ujao kadi yake ya msaada wa chakula haina kitu. Waheshimiwa wabunge, huyo ndiye mnayesema mnamzuia asiibie serikali?

Kiangazi cha 2024 ndicho kilichonichoma zaidi. Serikali kuu ilitenga kadi ya chakula ya dola 40 kwa mwezi, miezi mitatu ya likizo, kwa kila mtoto anayepata chakula cha shule bure au kwa bei nafuu. Iowa ikakataa. Gavana akadai kadi hiyo haisaidii lishe wakati unene wa watoto umezidi. Mtoto aliyekuwa anategemea chakula cha mchana cha shule, Juni ale nini? Mwaka 2025 wakaleta maboksi ya chakula ya kufuata vituoni. Asiye na gari atayabebaje?

Halafu ikaja sheria ya Washington ya tarehe 4 Julai 2025, ikawaondoa wakimbizi kwenye fudi stempu, yaani huo msaada wa chakula, mpaka wapate grin kadi, kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja. Watu waliopanga foleni ya mgao kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka yote ile, wakachunguzwa na kuletwa na serikali hiyohiyo, leo wanaambiwa chakula si chao. Ni ukatili, sina neno lingine.

Ukikatwa, usikubali tu. Una siku 90 za kukata rufaa, na mkalimani wa bure ni haki yako kisheria. Na Januari Bunge likifunguliwa, twendeni Des Moines, makao makuu ya jimbo, tukawaambie wabunge usoni. Wengi wetu sasa ni raia, na kura tunapiga.