Ushauri: Tunaenda Muscat Desemba, mtamba atazaa tukiwa huko

MamaPongwe
Assalaam aleikum, na habari za jioni wakuu. Niko Pongwe, Tanga. Shangazi yake mume wangu anaishi Muscat tangu sisi hatujazaliwa. Kila mwaka anatuita, kila mwaka kunazuka jambo. Safari hii pasi za watoto zimetoka, viza zimetoka, tiketi zimekatwa. Tunaondoka 17 Desemba shule zikiwa zimefungwa, tunarudi 8 Januari inshallah.

Shida ni nyumbani. Nina ng'ombe mmoja anayekamuliwa, mtamba, yaani jike ambaye hajawahi kuzaa, mwenye mimba, kuku wa kienyeji na mbwa wawili. Kijana wa kazi yupo, majani anakata vizuri na banda anafagia, ila kukamua anababaisha. Mtamba alihimilishwa 20 Machi kwa mbegu ya Friesian. Mume wangu anasema ng'ombe hana haja ya mkunga, tuondoke tu. Mimi moyo hautulii. Nyie mngefanyaje?

KakaWaSahare
Uza mtamba, kula bata Muscat. Halua usisahau.

MfugajiMuheza
Msimsikilize huyo, mtamba mwenye mimba kubwa ukimuuza sasa hivi utapewa bei ya kutupa, na kumpata mwingine kama huyo ni shughuli.

Dada, kabla ya mtamba tuanze na anayekamuliwa. Kijana akimwachia maziwa kwenye chuchu siku mbili tatu, ukirudi unakuta kiwele kimevimba na chuchu moja imekufa. Mkabidhi ndoo kuanzia kesho, wewe usimame pembeni. Akamue asubuhi na jioni, saa zile zile, mpaka ng'ombe amzoee mkono. Ukiona hadi katikati ya Novemba bado anababaisha, tafuta mkamuaji wa kulipwa wa kuja mara mbili kwa siku. Usiombe jirani "aangalie angalie". Jirani wa bure akipata msiba anaondoka, na huna la kumwambia.

DaktariWaMifugo_Tanga
Nimepiga hesabu. Ng'ombe hubeba mimba siku 280 hadi 285 hivi, kwa hiyo mtarajie kati ya 25 na 30 Desemba. Nanyi mtakuwa Muscat.

Shemeji yetu ana hoja kwa ng'ombe wa asili aliyekwishazaa. Huyu ni uzao wa kwanza, na ndama wa Friesian huwa mkubwa. Mwenye kubaki lazima ajue haya: mfuko wa maji ukishapasuka, saa mbili zikapita bila maendeleo, apige simu, asianze kuvuta na kamba. Ndama akitoka, kitovu kipakwe ayodini. Dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, anywe mapema, lita tatu hivi ndani ya saa sita za mwanzo, hata kama ni kwa chupa. Kondo la nyuma lisipotoka hadi kesho yake, aite mtaalamu. Lisivutwe kwa mkono, wala lisifungiwe jiwe, maana hilo bado naliona vijijini.

Kuogesha kupe kila wiki kusikatike. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, haingoji mtu arudi safari. Tezi zikivimba chini ya sikio na mwili una homa, daktari aitwe siku hiyo hiyo.

MamaPongwe
Ahsante sana daktari. Sasa kijana wangu hayo yote peke yake hapana. Kuna mama mmoja hapa mtaani, mfugaji wa siku nyingi, ng'ombe wake wanazalia mikononi mwake. Nikimpelekea mtamba?

DaktariWaMifugo_Tanga
Hapo sasa. Ila mpeleke mapema Novemba, kwa mguu kama ni karibu, asubuhi jua halijawa kali. Ukingoja wiki ya mwisho unamchosha bure, na anahitaji muda wa kuzoea banda na majani ya pale. Na umwachie huyo mama pesa ya daktari mkononi, pamoja na ruhusa ya kuitumia bila kukuuliza. Wanyama wengi hufa wakati watu wanatafutana kwenye simu.

NipoRuwi
Mimi naishi huku Muscat. Tumewatangulia saa moja: ng'ombe akikamuliwa saa kumi na moja alfajiri Tanga, huku ni saa kumi na mbili, mmeshaamka kuswali. Pangeni kijana atume picha ya ndoo na ya mbwa wakila, kila siku saa hiyo. Watoto wabebe masweta, jioni za Desemba kuna baridi kidogo.

BintiChumbageni
Kuku wapewe chanjo ya mdondo mapema, ile ya tone la jichoni, mradi miezi mitatu isiwe imepita mnaporudi. Mbwa waanze kulishwa na kijana tangu sasa, la sivyo watamgeuka usiku. Namba ya mita ya LUKU ipige picha, umeme mnaweza kununua mkiwa popote. Friji liachwe tupu, mlango wazi. Mtungi wa gesi ufungwe. Mwenyekiti wa mtaa aambiwe nani analala hapo. Na picha za uwanja wa ndege mzitume mkisharudi.

MamaPongwe
Mume wangu amesoma uzi wote, amekubali mtamba ahamie kwa yule mama. Limebaki swali lake moja: maziwa ya kuanzia kuzaa mpaka turudi ni ya nani?

MfugajiMuheza
Ya mama huyo, yote, baada ya ndama kushiba. Ndio ujira wake, na pumba mnunue nyinyi. Muandikiane mbele ya mtu, ndama ni wa kwenu awe jike awe dume.

KakaWaSahare
Akizaa dume nileteeni mimi Idi.