Mjadala: Je, pesa ya Wakongo itumike kuingiza Mandombe kwenye Unicode?

Mwalimu wa Katuba

Ndugu zangu wa Lubumbashi, Wabeladio Payi alibuni maandishi ya Mandombe mwaka 1978 kule Bas-Congo, leo Kongo-Central. Mpaka leo Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, wanaifundisha, na inaandika Kikongo, Lingala, Tshiluba na Kiswahili. Lakini haimo kwenye Unicode, ile orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake ili simu yako na yangu zisome kitu kimoja. Toleo la 17 lilitoka Septemba 2025 likiwa na mifumo 172 ya maandishi, na Mandombe bado iko nje.

Mimi nasema serikali, makanisa na Wakongo wa ng'ambo watoe pesa. Kazi hii inakula muda wa watu: kukusanya vitabu na barua zinazoonyesha herufi zikitumika kweli, kueleza kila moja inavyoungana na mwenzake, kuchora fonti, kuandika pendekezo, kisha kujibu maswali ya wataalamu kwa miaka. Kule Berkeley, Marekani, kuna mradi wa Script Encoding Initiative unaofanya hivyo tangu 2002. Umesaidia mifumo zaidi ya 100, kwa ruzuku na michango. Nawashukuru, lakini ruzuku ya nchi ya watu hukatwa siku wenyewe wakiamua. Kwa nini maandishi ya Mkongo yangoje huruma hiyo?

Fundi wa simu, Kampemba

Mwalimu, kwa heshima yako, sikubali. Watoto hawana vitabu hata vya herufi za Kilatini, ambazo simu zote zinazo tayari. Na hata hizo hatujazimaliza! Chukua Lingala: ɛ ikibeba alama ya toni haina namba yake moja, lazima uiunde kwa vipande viwili, na wateja wangu wengi hawana kibodi ya kuiandika. Lingala inasemwa na mamilioni. Pesa ianzie huko. Wasomaji wa Mandombe ninaowafahamu hapa mjini wote wanasoma Kilatini vizuri.

Mama wa Ruashi

Mwanangu Fundi, mimi ni Mkimbangu na ninafundisha Mandombe kanisani. Kujua Kilatini hakunisaidii ninapotaka kumtumia mwanafunzi somo lake. Tunaandika kwa mkono, tunapiga picha, tunatumiana picha. Nikitafuta neno moja katika masomo ya mwaka mzima, nafungua picha moja moja, na kila picha inakula mega.

Wafula wa Guinea walipitia hayo. Ibrahima na Abdoulaye Barry walianza kubuni maandishi ya Adlam mwaka 1989 wakiwa watoto kule Nzérékoré, na iliingia Unicode mwaka 2016. Katikati walitumia fonti za kuazima nafasi za herufi nyingine: asiye na fonti ileile aliona takataka tu. Maandishi ya N'Ko ya Solomana Kanté, ya mwaka 1949, yalingoja hadi 2006.

Ila Mwalimu, na wewe umeruka jambo zito. Katika Mandombe umbo moja hugeuzwa na kupinduliwa, na kila mgeuko unabadilisha sauti, kisha irabu inashikamana nalo. Je, silabi nzima ipewe namba, au vipande vyake? Walimu wenyewe wa Mandombe wasipopatana, mtu wa mbali ataamua kwa niaba yao. Na Unicode haina kurudi nyuma: herufi ikishaingia haiondolewi kamwe. Kwa hiyo senti ya kwanza isiende kwa kompyuta wala fonti. Iwalipe nauli na chakula walimu wa Mandombe wa Kinshasa, Mbanza-Ngungu, Luanda na hapa kwetu, wakae pamoja mpaka wapatane.

Mwalimu wa Katuba

Mama, nakubali mpango huo: wazee wa Mandombe kwanza, wachora fonti baadaye. Fundi, sifuti kilio chako cha Lingala, ila kibodi ya Lingala mtu mmoja anaweza kuitengeneza leo kwa sababu namba za vipande hivyo zipo. Mandombe haina hata pa kuanzia. Ndiyo maana naiweka mbele. Na njia ya michango ipo: tangu 2015 Unicode inaruhusu mtu kufadhili herufi moja kwa dola 100, 1,000 au 5,000, na pesa hiyo inasaidia lugha zilizoachwa nyuma kidijitali. Kama mgeni anaweza kulipia kikaragosi (emoji) cha ndizi, Mkongo mwenye uwezo anaweza kulipia mkutano wa wazee wake.

Fundi wa simu, Kampemba

Bado naona vitabu vya watoto vinatangulia. Lakini mkifanya mkutano huo nitachangia, kwa masharti mawili. Bajeti iwe wazi kwa wote: nani analipwa, kiasi gani, nani anashika pesa. Na fonti itakayotoka iwe ya bure, kila mtu aruhusiwe kuinakili na kuirekebisha, isije ikafungiwa na kanisa moja au kampuni moja. Mama, hilo kanisa lenu litalikubali?