Chaja za matundu matatu ndizo zinazotuzimia kamera za gari, acheni kusingizia gari!

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Kuna hizi chaja za kuchomeka kwenye tundu la sigara, zina matundu mawili au matatu ya USB, na juu ya boksi wameandika 3.1A, yaani ampea 3.1, kwa maandishi makubwa. Unamwambia muuzaji wazi kabisa kwamba unataka kuwasha kamera ya mbele, ya nyuma na ya ndani kutoka sehemu hiyo moja. Anakuapia kwamba zote zitapiga kazi. Ukifika kwenye matumizi, unakuta umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hiyo 3.1A ni jumla ya matundu yote. Nyingi zinatoa 2.1A kwa tundu moja na 1A kwa jingine, na likiwepo la tatu linagawana na wenzake. Kamera moja inataka volti 5 na ampea 1 hadi 2, ikirekodi usiku na taa za infraredi zikiwaka ndiyo inakula zaidi. Weka tatu hapo uone. Chaja inachemka, volti zinashuka, kamera inajizima na kujiwasha yenyewe huku wewe uko barabarani unajua unarekodi.

Mimi nimegongwa nyuma. Aliyenigonga akashikilia kwamba nilikuwa narudi kinyumenyume. Nikachomoa memori kadi ya kamera ya nyuma nikiwa na uhakika kabisa, kumbe faili la kabla ya ajali limekatika katikati, na linalofuata linaanza magari yote mawili yamesimama, yeye ameshafungua mlango anashuka. Kipande chenye ushahidi hakipo! Sasa kamera ya namna hiyo nimeinunua ya nini?

Namrudia muuzaji, ananijibu eti gari langu lina umeme mdogo. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, kwa sababu anajua kwamba si kweli au hajui anachokiuza, na yote mawili ni mabaya. Fyuzi ya tundu la sigara kwa kawaida ni kati ya 10A na 20A. Chukua hiyo ndogo: volti 12 mara ampea 10 ni wati 120. Kamera tatu, kila moja ikila wati 10, ni wati 30. Gari lina umeme wa kutosha na wa kusaza. Unaokwama ni ule wa volti 5 unaotoka kwenye chaja.

Na waya! Hili hawalisemi kabisa. Kamera ya nyuma inakuja na waya mrefu mwembamba kama uzi, unapita kwenye dari hadi kioo cha nyuma. Chukua waya wa geji 28 (kipimo cha unene, namba ikipanda waya unakuwa mwembamba), mita tatu na nusu. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita saba, ukinzani wake unakaribia omu 1.5. Kamera ikivuta ampea 1 tu, umepoteza volti moja na nusu njiani. Imetoka 5, imefika 3.5. Kamera gani itawaka hapo? Mtengenezaji anayajua haya na bado anaufunga waya huo kwenye boksi kwa kuwa shaba ni ghali. Njia sahihi ni kupeleka volti 12 kwa waya mnene hadi nyuma, kisha kuzishusha kuwa 5 hapohapo karibu na kamera, kila kamera na kishusha volti chake. Hakuna muuzaji hata mmoja aliyenieleza hivyo.

Wanaofunga nao wana yao. Anakuja mtu na koleo, anabana waya za kamera zote kwenye fyuzi moja bila fyuzi yake ndogo, waya wa bodi, ule wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari, anauzungushia kwenye skrubu yenye rangi isiyopitisha umeme. Kuna wanaodiriki kuchukua umeme kwenye fyuzi ya eabegi, kitu ambacho hakiguswi kabisa! Halafu anakuwashia ulinzi wa kuegesha, yaani kamera kuendelea kurekodi gari likiwa limezimwa, kikomo cha volti cha kuikata isimalize betri ameacha 11.6, anaondoka. Betri ya risasi ya volti 12 ikiwa imepumzika na inasoma 12.0, imebakiwa na kama robo tu. Ukingoja hadi 11.6 asubuhi hupigi stata. Kamera mbili zikinyonya 0.3A kila moja kwa saa 12 ni zaidi ya 7Ah (ampea mara saa) zimekwenda, na betri ikiwa imezeeka hiyo inauma.

Ninachotaka si kikubwa. Kila tundu liandikwe ampea zake peke yake, zile linazotoa matundu yote yakiwa na mzigo. Unene wa waya uandikwe kwenye boksi. Na muuzaji akiambiwa kamera zinajizima, atoe kipima volti apime penye kamera, kamera ikiwa inarekodi, kabla hajafungua mdomo kulaumu gari la mtu.

Wenye kamera mbili au zaidi, wekeni hapa vipimo vyenu: volti zinazosoma penye kamera ya nyuma, urefu wa waya, na ampea zilizoandikwa kwenye chaja. Picha ya boksi pia iwepo.