Dalali anasema yeye ni wa mnunuzi, ila analipwa na muuzaji. Huyu ni wa nani?

Mtafuta_nyumba
Assalam alaykum wanajukwaa. Natafuta nyumba ya kununua Fuoni au Kinuni, hapa Unguja, nina kama milioni 80. Dalali anayenizungusha anasema yeye ni "wakala wa mnunuzi", mie nisitoe kitu, mwenye nyumba atampa asilimia 5. Hivi atanipigania mie au yule? Na kila upande ukiwa na mtu wake, nani afanye lipi?

Hesabu_Kwanza
Waalaykum salaam. Piga hesabu utamjua ni wa nani. Asilimia 5 ya milioni 80 ni milioni 4. Akikuteremshia mpaka 75, atapata milioni 3 na laki saba na nusu. Wewe umeokoa milioni 5, yeye kapoteza laki mbili na nusu kwa kazi ya kukutetea. Nani atakesha akibishana ili apunguze chake? Wakiwa madalali wawili wanaogawana, ndiyo kabisa: kila mmoja anataka biashara ifungwe leo, bei iwe iwavyo.

Mtu wa mnunuzi hulipwa na mnunuzi, kwa kitita kisichofuata bei. Patana naye kwa maandishi: nusu akimaliza kukagua, hata kama nyumba hukuinunua, na nusu uhamisho ukikamilika. Anayelipwa hata ukikataa ndiye mwenye ubavu wa kukwambia "hii iache". Huko Marekani, tangu tarehe 17 Agosti 2024, mawakala wengi wanatakiwa waandikiane na mnunuzi kabla ya kumtembeza, na malipo yao yatajwe humo. Hapa hakuna wa kukulazimisha, jilazimishe mwenyewe.

Tena kuna cha juu. Mwenye nyumba anasema "mimi nataka 70 zangu mkononi", dalali anakutajia 80. Hiyo 10 haimo kwenye asilimia yoyote. Ndiyo maana dalali wa namna hiyo hataki uonane na mwenye nyumba mpaka siku ya kutia saini.

Bi_Karatasi
Kwa swali la pili. Dalali wa muuzaji kazi yake ni bei, picha, kuleta wateja wa kweli na kuwaambia wenye mali mapema karatasi gani inakosekana. Usitegemee akutajie kasoro ambayo hukuiuliza, kwa hiyo ulize yote, tena kwa maandishi.

Mtu wako ana kazi kubwa zaidi. Kwa sheria ya 1992 ardhi ya Zanzibar ni ya umma, unachonunua ni haki ya kuitumia pamoja na jengo. Basi aanze na haki hiyo: imesajiliwa kwa jina la nani? Karatasi iliyogongwa muhuri kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia, ni ushahidi kwamba watu waliuziana, si hati. Halafu uhamisho wenyewe unapita Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Ukimaliza kulipa pesa zote kabla ya hapo, umebaki na matumaini tu.

Kisha aende kwenye nyumba na utepe wa kupimia. Watu huandika "futi 50 kwa 60" kwa kukisia hatua. Apime pande zote nne, atafute mawe ya mpaka, azungumze na majirani wa kila upande. Mita ya Tukuza, ile ya umeme, imeandikishwa kwa nani, na inadaiwa? Atazame pia nusu mita ya chini ya ukuta: ikiwa pale pana rangi mpya na juu ya zamani, masika maji yaliingia. Ukuta ukitoa unga mweupe wa chumvi, rangi haitakaa hata upake mara tatu. Mwezi wa kununua nyumba ni wa nne, mvua ikiwa inanyesha, lakini madalali hawapendi kutembeza watu mwezi huo!

Mpemba_wa_Wete
Naongeza mambo mawili. Kwetu mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Umenunua konde, kumbe mikarafuu ni ya mtu mwengine na msimu ukifika anakuja kuchuma. Mkataba utaje miti kwa idadi: mikarafuu mingapi, minazi mingapi, na kama inauzwa pamoja.

La pili ni hilo neno "wakala". Kwa warithi, wakala ni aliyepewa idhini ya maandishi kuwasainia. Dalali si wakala wa namna hiyo, hata akisema "wote wameshakubali". Nyumba ya marehemu inataka orodha rasmi ya warithi, na kila aliyetajwa asaini, hata aliyeko Omani au Dar. Dada mmoja aliyesahauliwa anatosha kukusimamisha mahkamani.

Mtafuta_nyumba
Ahsanteni sana. Dalali anataka arabuni milioni 5 leo, apokee yeye, "nyumba isiondoke".

Bi_Karatasi
Usimpe yeye. Arabuni hupokewa na mwenye mali au wakili, mbele ya mashahidi wawili, kwa karatasi inayosema: bei kamili, tarehe ya mwisho, na kwamba Bodi ikikataa au akitokea mrithi mwengine, pesa zinarudi zote. Ukighairi bila sababu, hapo patana kabisa kinakatwa kiasi gani. Na milioni 5 nyingi mno kabla hujaiona hati. Mwambie leo unataka nakala ya hati na simu ya mwenye nyumba, basi.

Hesabu_Kwanza
Akikataa kutoa simu, nenda kwa sheha wa shehia ile, muulize nyumba ni ya nani.