MREJESHO: Karakana yetu ya pamoja, wezi na moshi

Wakuu, nilileta hapa shida ya karakana: madirisha yakiachwa wazi usiku wezi wanaingia, yakifungwa asubuhi harufu ya tina (kimiminika cha kuchanganyia rangi) inatupokea mlangoni. Asanteni sana kwa michango yenu.

Tulichomea nondo madirishani na kuweka wavu mgumu kwa ndani. Sasa yanalala wazi na hakuna kilichopotea. Tumetoboa matundu juu kwa ajili ya moshi wa kuchomelea, na mengine chini, maana mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa. Hilo limesaidia kweli! Feni ya kutolea hewa ndiyo imefaa nusu tu: vumbi la mbao linaganda kwenye mapanga yake, inabidi kuifuta kila mara. Kupuliza rangi tumehamishia nje.