Usimamizi wa shamba na ranchi katika chuo cha jamii: je, aliyekulia zizini ana la kujifunza?

Swali, kutoka kwa Mlisha Ng'ombe

Habari zenu, ndugu. Ninaishi Nebraska kwa kadi ya ukaazi wa kudumu, na kwa miaka minne nimekuwa nikifanya kazi katika eneo la kunenepeshea ng'ombe wa nyama. Nimezaliwa katika familia ya wafugaji, hivyo kuogesha mifugo, kumsaidia ng'ombe ambaye ndama wake amekwama, au kumtambua mgonjwa kwa kumtazama masikio si mambo mageni kwangu. Chuo cha jamii (chuo cha umma cha masomo ya miaka miwili) kilicho karibu nasi kinatoa stashahada ya miaka miwili ya usimamizi wa shamba na ranchi, yenye krediti (vipimo vya masomo) zipatazo 60, nami nafikiria kujiandikisha muhula wa vuli. Msimamizi wangu kazini ananishauri nisitumie fedha kufundishwa ninachokijua tayari, ilhali mke wangu anaamini kwamba bila karatasi nitazeekea kwenye beleshi. Sina ardhi, wala sina mzee wa kunirithisha ardhi huku. Kwa aliyepitia masomo haya: yanafundisha nini hasa, na yanamfaa mtu wa hali yangu?

Jibu la kwanza, kutoka kwa Nyasi Ndefu

Ndugu, msimamizi wako angekuwa na haki kama masomo hayo yangekuwa ya kumjua ng'ombe. Mimi nilimaliza mafunzo ya namna hiyo na sasa ni msaidizi wa meneja wa ranchi, na ninakuhakikishia kwamba katika juma la kwanza la somo la malisho hatukumwona mnyama hata mmoja. Tulikata majani ndani ya fremu ndogo, tukayakausha, tukayapima kwa mizani, tukaanza kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe nitakupa, kwa sababu ndiyo iliyonivunja kiburi. Chukua ekari 100 zinazotoa kilo 900 za majani makavu kwa ekari kwa mwaka, yaani kilo 90,000 kwa jumla. Ng'ombe jike wa nyama mwenye ndama hula takriban kilo 12 za majani makavu kwa siku. Niliulizwa eneo hilo litabeba ng'ombe wangapi kwa siku 150, nikajibu 50 bila kusita, kwani nilichukua majani yote nikayagawa. Mwalimu akatabasamu tu. Kanuni wanayoifuata huko ni kwamba nusu ya majani huachwa ili mizizi isidhoofike, na katika nusu inayobaki, sehemu kubwa hukanyagwa, huchafuliwa au huliwa na wadudu, kiasi kwamba robo tu ya majani yote ndiyo huhesabiwa kuwa imeingia tumboni. Robo ya kilo 90,000 ni kilo 22,500, na hizo hutosha ng'ombe 12. Tofauti ya 12 na 50 ndiyo tofauti ya ranchi na jangwa, na mimi niliyechunga tangu nikiwa na miaka sita sikuwa nimewahi kuiandika kwenye karatasi.

Yapo pia masomo ya uzazi, ambayo kwa mtu kama wewe yatakuwa ya kukumbushwa zaidi kuliko kufundishwa. Hata hivyo, utapewa sababu ya mambo unayoyafanya kwa mazoea: mimba ya ng'ombe huchukua siku 283 hivi, kwa hiyo anayetaka ndama kila mwaka ana siku zipatazo 82 tu baada ya kuzaa za kumfanya ng'ombe huyo ashike mimba tena. Ng'ombe aliyezaa akiwa amekonda hataziwahi siku hizo, na ndiyo maana tulifundishwa kuipima hali ya mwili wake kwa alama 1 (amekonda kabisa) hadi 9 (amenenepa kupita kiasi) na kuhakikisha anazaa akiwa na 5 au 6. Uhimilishaji, yaani kumpandikizia ng'ombe mbegu bila kutumia dume, nao hufundishwa kwa vitendo katika vyuo vingi, na ujuzi huo peke yake huweza kukuongezea thamani mbele ya mwajiri.

Jibu la pili, kutoka kwa Mama Daftari

Mwanangu, mimi huandika vitabu vya hesabu vya wakulima na wafugaji, kwa hiyo nitavutia upande wangu. Kaka hapo juu amesema kweli kuhusu majani, lakini somo litakalokulipia ada ni la fedha, na kwa bahati mbaya ndilo wanafunzi wengi hulisinzia.

Wafugaji wengi wa Marekani hutoa taarifa ya kodi kwa Schedule F, fomu ya mapato na gharama za shamba, na huhesabu mapato siku fedha inapoingia na gharama siku inapotoka. Kwa ajili ya kodi utaratibu huo unafaa, lakini kwa kujua kama biashara inaishi au inakufa, unadanganya. Nimewahi kuona mtu akifurahia mwaka mzuri, kumbe ameuza mitamba ambayo ingekuwa mama za kesho. Alikuwa anakula mbegu. Darasani utafundishwa kuandaa mizania, yaani hesabu ya mali na madeni yako, ya mwanzo na ya mwisho wa mwaka, na kuligundua jambo hilo kabla benki haijaligundua.

Utafundishwa pia kuuliza ndama mmoja amekugharimu kiasi gani. Tuseme kwa mfano kwamba kila ng'ombe jike anakugharimu dola 1,000 kwa mwaka, unao 100, na umeachisha ndama 85. Kila ndama sasa amebeba dola 1,176, kwa sababu wale 15 ambao hawakuzaa au walipoteza ndama walikula sawasawa na wenzao. Ukiuza ndama kwa dola 1,100 ukadhani umepata faida ya mia moja, umejidanganya mwenyewe.

Kuhusu ardhi, usikate tamaa mapema. Idara ya Kilimo ya Marekani, kupitia wakala wake wa FSA, ina mikopo midogo ya uendeshaji ya hadi dola 50,000, na mkaazi wa kudumu halali anaweza kuomba. Mkopo wa kununulia shamba huhitaji uthibitisho wa uzoefu wa kusimamia shamba, na masomo ya kilimo ya chuo huweza kuhesabiwa badala ya sehemu ya uzoefu huo. Angalia neno *kusimamia*: miaka yako minne ya kulisha ng'ombe wa mtu bila kufanya uamuzi wowote haitapewa uzito unaoutegemea. Anza sasa kuomba majukumu ya kutunza kumbukumbu na kuagiza chakula, na yaandikwe.

Mlisha Ng'ombe

Nawashukuru sana, kaka na mama. Hesabu ya ekari 100 nami nimeikosa, nilipata 50. Nimebakiwa na jambo moja: nikitaka baadaye kuendelea na shahada ya chuo kikuu, je, krediti hizi zitapokelewa?

Jibu la tatu, kutoka kwa Krediti Zilizopotea

Jina langu linakujibu. Stashahada iitwayo Associate of Applied Science imeundwa kumpeleka mtu kazini moja kwa moja, ilhali Associate of Science imeundwa kumpeleka chuo kikuu. Mimi nilichukua ya kwanza bila kuuliza, na nilipohamia chuo kikuu masomo yangu mengi ya vitendo yalipokelewa kama ya hiari tu, hivyo nikarudia karibu mwaka mzima. Wapo waliokuwa na bahati zaidi, kwa kuwa baadhi ya vyuo vina makubaliano ya maandishi na chuo kikuu fulani yanayotaja somo kwa somo kinachopokelewa. Liombe karatasi hilo kabla ya kulipa ada, usiridhike na maneno ya mshauri wa wanafunzi.

Kwa kuwa una ukaazi wa kudumu, jaza pia fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, kwani unastahili kufikiriwa kwa ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi kama mkopo. Halafu nenda chuoni ana kwa ana, uulize kama wana kundi lao la ng'ombe, na kama wanalo, uombe kuonyeshwa daftari la kundi hilo. Chuo nilichosoma mimi kilikuwa na zizi zuri sana la kupigia picha, na ng'ombe wa kukodi.