Mawakala wa safari, acheni kuuza "Bwindi" kama vile ni stendi moja!

Wakuu, Bwindi ni hifadhi ya msitu kule Uganda, watu wanakwenda kuona gorila. Huu mchezo wa kumkatia mtu kibali cha gorila cha upande wa Rushaga halafu mnamlaza upande wa Buhoma ukome. Mgeni anatolewa kitandani saa kumi alfajiri, anarushwarushwa kwenye makorongo gizani, anafika maelekezo ya kabla ya kuingia msituni yamekwisha na kundi lake limeshaingia msituni. Hela ya kibali ndiyo imeenda hivyo. Wakala naye kwenye simu: "Pole sana, barabara ilikuwa mbaya." Kwani barabara imeharibika leo?

Bwindi ina sekta nne, yaani sehemu nne za kuanzia safari ya gorila. Buhoma iko upande wa kaskazini, Ruhija mashariki, Rushaga na Nkuringo kusini. Kibali ni cha sekta moja na tarehe moja, hakihamishwi getini kwa kubembeleza askari. Mawakala wa mezani wanaponzwa na ramani ya simu: wanaona Buhoma na Nkuringo zimekaa kama nyumba na choo chake, wanajua ni nusu saa. Katikati hapo ni msitu, gari halipiti! Kuna njia ya miguu tu. Gari linazunguka nje kwenye milima, na Buhoma hadi Rushaga ni saa nne hivi kukiwa kukavu. Mvua za Machi hadi Mei, au za Septemba hadi Novemba, ongeza saa nzima, maana udongo ule ukilowa ni sabuni, na lori moja likilala kwenye kona hakuna pa kulipita. Maelekezo yanaanza saa mbili asubuhi, na usajili kabla ya hapo. Pigeni hesabu wenyewe.

Ndege nazo hivyo hivyo. Uwanja wa Kihihi ni wa watu wa Buhoma. Wa Nkuringo na Rushaga washushwe Kisoro. Na anayekuja kwa gari kutoka Kigali, akivukia mpaka wa Katuna au Cyanika, mpeni kibali cha kusini. Kumzungusha hadi Buhoma ni kumtesa tu.

Halafu bei. Tangu Julai 2024 mgeni wa kutoka nje ya Afrika analipa dola 800, ila raia wa Afrika Mashariki ni shilingi 300,000 za Uganda. Sasa Mtanzania au Mkenya mwenye pasipoti yake mkononi anaandikiwa dola mia nane kwa kosa gani? Ukiuliza unaambiwa "ada ya uratibu". Uratibu wa nini, na geti lenyewe mmelikosea?

Mwingine anauzia familia yenye mtoto wa miaka 12 na anajua fika kwamba chini ya 15 haruhusiwi. Mtoto anabaki getini na mama yake, vibali viwili vimekufa.

Kwa wanaotaka kwenda: usimalizie malipo kabla ya kutumiwa nakala ya kibali. Tazama jina (lifanane na pasipoti herufi kwa herufi), tarehe, na sekta. Kisha uliza jina la loji, na kutoka hapo hadi kituo cha maelekezo cha sekta hiyo ni dakika ngapi kwa gari. Ikizidi saa moja, wabadilishe loji. Wakala akikujibu "usijali, yote ni Bwindi", hela yako ibaki mfukoni.